Wana wa Yoktani Walivyosomwa Muyinga

Kwa muda mrefu nilikana kwamba ninayapenda yale majina. Wenzangu ofisini waliamini kuwa sura za vizazi nilipewa kama adhabu, na mimi sikuwasahihisha. Kila tulipogawana kazi, huyu alichukua zaburi, yule vita vya Daudi, mwingine mifano ya mavuno, na mwisho lilibaki lile rundo la fulani akamzaa fulani. Macho yote yalinigeukia. Nilivuta pumzi ndefu, nikakubali kwa sauti ya mtu anayebebeshwa mzigo wa jirani, na siku zote alitokea mtu mwenye huruma wa kuniletea chai. Chai hiyo nimeinywa karibu maisha yangu yote ya kazi. Sasa nimestaafu, hakuna tena wa kunipangia, kwa hiyo naweza kusema ukweli: siku wangenipa zaburi, ningelia.

Naandika haya kwa ajili yenu mliokuja nyuma yangu katika kazi ya kurekodi Maandiko kwa Kiswahili hapa Gitega, hasa wewe Divine uliyerithi kiti changu pamoja na mashimo yake. Vyeo na mshahara nitaviruka. Nilipanda mara chache, na kila mara waliojua ni mimi na mhasibu.

Nilianza nikiwa nimetoka chuo kikuu ng'ambo ya mpaka, Tanzania, nchi niliyokulia katika kambi ya wakimbizi kama wengi wa umri wangu. Nilikuwa na shahada ya isimu na majivuno ya kutosha watu watatu. Nilitegemea kukuta studio yenye kioo na taa nyekundu. Nilipokewa na Leonidas, fundi mitambo wetu, mtu mwembamba aliyetembea kwa kunyata hata sokoni, kwa mazoea ya kuogopa kuharibu rekodi. Alinipeleka kwenye chumba cha nyuma kilichowahi kuwa stoo ya maharage. Ukutani yalining'inia magodoro, dirishani blanketi mbili, na mezani kilisimama kipaza sauti kimoja kilichovishwa soksi ya kijivu.

"Hiyo soksi ni safi?" nikamuuliza.

"Ni mpya," akasema. "Mwenzake ninaye mguuni."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Wiki ile nilijifunza mambo ambayo chuo hakikuwahi kunigusia. Msomaji mwenye njaa harekodiwi, kwa sababu kipaza sauti kinasikia tumbo kabla hakijasikia Neno. Karatasi za kusoma hazifungwi pamoja, zinatandazwa mezani, maana kugeuza ukurasa kunatoa mlio kama wa mtu anayekimbia kwenye majani makavu. Ulimi ukikauka, kipande cha ndimu kinasaidia kuliko maji. Mvua ya mabati haibishaniwi. Unazima mashine, unakwenda kumenya njugu. Na jogoo wa jirani hanunuliwi ili achinjwe, kwa kuwa jirani ataona biashara imepatikana na kesho ataleta wengine.

Lakini somo kubwa la Leonidas lilikuwa swali. Kila asubuhi kabla hatujawasha mashine, alichagua jina moja katika karatasi zangu na kuniuliza kama polisi wa mpakani: "Huyu ni nani?" Mara ya kwanza alimchagua Mwarvadi, katika watoto wa Kanaani. Nilimweleza muundo wa neno, kiambishi, silabi yenye mkazo. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa.

"Sawa. Na alikuwa anakula nini?"

Sikujua. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Yoba, na vitabu vya kuazima, nikakuta kwamba wataalamu wanaliunganisha jina hilo na Arvadi, kisiwa kidogo karibu na pwani ya Shamu, Siria ya leo, kilichojaa mabaharia. Asubuhi nikamwambia, "Samaki." Leonidas akaitikia kwa kichwa, akawasha mashine. Aliamini kwamba anayeongoza msomaji akiwa hamjui mtu anayetajwa, sauti ya msomaji nayo inalala. Nilimwona kama mzee mwenye mzaha, na hata hivyo nilianza kuwatafuta. Watu wa Hamathi wana mji wao hadi leo katika nchi ya Shamu. Togarma anapelekwa na wataalamu upande wa milima ya kaskazini, Tarshishi anapelekwa mbali magharibi ya bahari, na kuhusu wapi hasa bado wanagombana. Wengine hawana hata mgombano. Ametajwa mara moja, basi, hakuna anayejua alikoishia. Hao ndio nilioanza kuwapenda zaidi, na hapo ndipo nilipoanza kuficha.

Jambo gumu kuliko yote katika kazi hii halikuwa la matamshi. Tulikuwa na vikundi vya kusikiliza vijijini, na kimoja kilikuwa Bugendana, kwenye milima ya maharage na migomba, wengi wao wakulima waliorudi kutoka Tanzania. Nilikwenda na rekodi ya watoto wa Nuhu. Tulipomaliza, mwalimu mmoja kijana akasimama akauliza swali ambalo linaulizwa kila mahali katika nchi hii, wakati mwingine kwa sauti ya chini: "Na sisi Warundi ni wana wa nani kati ya hawa watatu?"

Mnajua kwa nini swali hilo linaogopwa. Wageni wa zamani walikuja na jibu tayari mfukoni. Walichukua majina ya kitabu kile, wakayagawa kwetu, huyu mtoto wa huyu, yule mtoto wa yule, huyu mrefu katoka huku, yule mfupi kazaliwa hapa, na tukayaamini. Nchi imelipia mgawo huo kwa damu, kwa namna ambayo sihitaji kuwaeleza. Leonidas alinipa sheria moja tangu mwanzo na naiacha kwenu kama nilivyopewa: kazi yetu ni kumtamka kila aliyetajwa, na hatumwongezi mtoto hata mmoja ambaye hakuandikiwa. Kwa hiyo nikamjibu mwalimu, "Kitabu hakikututaja."

Bibi Anastazia, mwanamke aliyekimbia nchi akiwa binti na kurudi akiwa na wajukuu, alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele kabisa. Akaguna.

"Basi tulifika orodha imeshafungwa."

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Aliyewahi kuishi kambini anakijua kicheko hicho. Mwalimu naye alicheka, akakaa. Nimesoma makala nzito za watu wenye miwani mizito kuhusu swali lile, na sijakutana na jibu lililonituliza zaidi.

Miaka ikapita namna hiyo. Leonidas alistaafu akarudi kwao kufuga nyuki, akisema ndio wafanyakazi pekee wanaopiga kelele kwa sauti moja. Mashine zikawa ndogo, soksi ikabaki. Kisha serikali ikahamia Gitega, na pamoja na wizara zikaja nyundo. Yoba nzima ikawa inajengwa. Nilirekodi sura nzima ya wana wa Yuda ambayo ndani yake unasikia wazi mtu akimwambia mwenzake alete mchanga. Tulipoanza kazi kubwa ya mwisho, ya kuyasoma Maandiko yote upya kwa sauti mpya, ikaamuliwa kwamba sura zangu nikazirekodie Muyinga, ambako parokia moja ilituazima chumba tulivu.

Kabla sijaondoka, kamati iliniita. Mwenyekiti wake alikuwa Mchungaji Onesphore, mtu wa haki, mkavu, asiyependa kupoteza muda wa watu wala wa Mungu. Akanieleza kwa upole kwamba wanafikiria kuzitoa sura za majina katika rekodi. Pangewekwa sentensi moja, "Hapa yanatajwa majina ya wazee wengi," na msimulizi aendelee.

"Mama Konso," akasema, "watu wetu wanasikiliza wakiwa wanapalilia. Mtu ameshika jembe, jua limemkalia kichwani, unataka asubiri Wahivi na Waarki wapite?"

"Wakati wa Wahivi anaweza kupumzika, Mchungaji."

"Atazima kabisa. Nimewaona. Mimi mwenyewe nazima."

Hakusema uongo. Rekodi zetu za zamani za sura hizo zilikuwa mbaya, na nililijua hilo kuliko yeye. Wasomaji wetu wote, waimbaji wazuri wa kwaya, walipofika kwenye majina walianza kukimbia kama watu wanaovuka uwanja wenye mbwa. Waliona aibu ya kukosea, na aibu ilikuwa inasikika. Nikaomba nafasi moja: nirekodi upya, tukasikilize pamoja Bugendana, kisha kamati iamue. Wakakubali, kwa sura ya watu wanaomkubalia mtu anayestaafu. Nilitoka pale nikihesabu kilichokuwa mezani. Kazi yangu yote ya kuwatafuta watu wale, Mwarvadi na samaki wake, ilikuwa inaweza kutoka ofisini kabla yangu, kwa sentensi moja.

Muyinga nilifika kwa gari la vitunguu, kwa kuwa mafuta yalikuwa yameadimika tena. Sitalalamika. Uhaba wa mafuta ndio rafiki mkubwa wa kurekodi. Pikipiki zote zinakuwa zimelala kwenye foleni ya kituo. Chumba cha parokia kilikuwa kitulivu kweli, ila hakuna aliyeniambia kwamba nyuma ya ukuta, upande wa mtaa wa Waislamu, palikuwa na cherehani. Kiongozi wa kwaya niliyemchukua kama msomaji alikuwa amefika kwa Magogu tu, trrrr ikaanza. Akasimama. Ikasimama. Akaanza Madai, trrrr. Nikatoka nje nikiwa nimekasirika kwa Kiswahili sanifu.

Kwenye kibaraza alikaa mtu mnene, utepe wa kupimia ukiwa umemning'inia shingoni kama stola ya padri.

"Karibu, Madamu. Suti ao kanzu?"

"Nataka ukimya, Fundi."

"Ile sishonagi." Akanitazama akicheka, kisha akainua kidole kuelekea ukutani. "Ni nyinyi muko mule ndani? Tangu asubuhi nasikia mutu anataja majina mbio, mbio. Nikasema, bon, ni polisi, iko inatafuta watu."

"Ni watu wa zamani. Watoto wa Nuhu."

"Nuhu wetu?"

"Wenu na wetu."

Akaacha kucheka. "Na munamusomea watoto wake vile? Kama mutu anafukuza kuku kwenye mahindi?"

Kiongozi wa kwaya alikuwa amenifuata nyuma, akanuna. Mimi, kwa hasira zaidi kuliko kwa busara, nikamnyooshea yule fundi karatasi. "Haya, soma wewe."

Alifuta mikono. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti, ingawa jua lilikuwa kali. Kisha akasoma. Huyo ndiye Shabani, na msidhani nitawaambia kwamba alisoma bila kosa. Rifathi alimwita Rashidi, kwa sababu ana shemeji wa jina hilo. Dodanimu alimvunja vipande vitatu na kipande kimoja hakikupatikana tena. Lakini alikuwa amefunzwa kusoma kwa sauti tangu utoto, madrasa, na baadaye amekuwa msemaji wa harusi katika nusu ya Muyinga. Alitaja jina, akavuta pumzi, akaliachia jina lile nafasi lipite kama mgeni anayeingia mlangoni na wenyeji wanasogea kidogo. Kisha lingine. Waliokuwa wakipita barabarani walisimama. Muuza maandazi akashusha beseni.

"Ni nani hao?" mama mmoja akauliza. "Wamefariki?"

"Sauti yangu," Shabani akaniambia akirudisha karatasi, "wanawake wa hapa wanaijua mpaka Kobero." Unyenyekevu ni kitu kingine ambacho hakishoni.

Nilimwomba asome sura zote. Akakubali kwa sharti moja: hatamtaja mtu ambaye hajaambiwa ni nani. Nilidhani Leonidas amemtuma. Tukafanya kazi hiyo kati ya mvua na mvua, na kati ya adhana na adhana. Alikwenda kuswali, mimi nikabaki nikiweka alama za mkazo kwa penseli juu ya majina ya kipindi kinachofuata. Kiongozi wa kwaya, baada ya kununa kiasi cha heshima, akajitolea kufukuza watoto na mbuzi. Nilimweleza Shabani ninachokijua, na pale nisipojua nilisema sijui. Hilo la mwisho lilimshangaza kwa mtu mwenye shahada.

Tulipofika kwa wana wa Yoktani, nikamtajia Hasarmawethi. Nikamwambia wataalamu wengi wanaliunganisha jina hilo na Hadramauti, kusini mwa Arabuni.

Akaiweka karatasi chini. "Rudia."

Nikarudia.

"Babu yangu alitoka kule," akasema. "Alikuja na vitambaa, akapita Ujiji, akafika hapa, akaoa Mrundi, akazeeka. Mi nimezaliwa hapa nyuma ya soko, na wakinikasirikia wananiita Mwarabu. Nikienda kwa Warabu watasema huyu fundi mweusi ni nani. Na iko imeandikwa kwenye kitabu yenu?"

Nikaogopa. Nikamkumbuka yule mwalimu wa Bugendana na sheria ya Leonidas, nikaanza kumweleza, haraka na kwa maneno mengi, kwamba jina la mtu na jina la nchi vikifanana haimaanishi kuwa yeye Shabani anatokana na yule aliyeandikwa, na kwamba watu wameumizwa sana na hesabu za namna hiyo.

"Madamu, Madamu, pole pole." Akainua kiganja. "Babu yangu nilimuona. Alikuwa mufupi na mukali, alinichapa. Huyu wa kitabu mi simuhitaji awe babu. Awe jirani wa kwao tu, inatosha."

Akanywa maji, akafunga kifungo cha juu cha koti, akasoma mstari ule. Niliyafunga macho wakati wote wa kipande hicho, jambo ambalo ni kosa la kazi, maana mwongozaji anatakiwa kufuata maandishi kwa kidole.

Kamati ilipojua ni nani aliyesoma, Gitega kulichemka kidogo. Mchungaji Onesphore aliniita peke yangu.

"Mama Konso, umetuletea Mwislamu asome Neno?"

"Nimewaletea mtu anayesoma."

"Hakuna Mkristo Burundi nzima mwenye koo?"

"Wapo wengi, Mchungaji. Wanakimbia."

Akashika kichwa. Hakunifukuza, na hakuniahidi kitu. Alisema tu kwamba makubaliano ni makubaliano, twende Bugendana. Mimi nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya Shabani, ambaye alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba atasikika hadi kwenye milima ya Gitega, na sikuona ningewezaje kumwambia kuwa amebadilishwa na sentensi moja.

Tukakaa uwanjani kwa Bibi Anastazia. Yeye na wenzake walikuwa wanapukuchua maharage, na nilimwona Mchungaji akiitazama mikono ile kwa ushindi: nilikwambia, mikono ina kazi. Nikawasha kisanduku chetu cha kusikilizia, kinachotumia umeme wa jua. Shabani akaanza. Wana wa Yafethi wakapita, wana wa Hamu wakapita, maganda yakaendelea kulia. Mtu mmoja akapiga miayo. Nikajisemea, basi, yamekwisha.

Tukafika kwa wana wa Yoktani.

"Almodadi," akasema Shabani kisandukuni, akavuta pumzi.

Bibi Anastazia hakuinua kichwa. "Yupo," akasema.

Wakacheka. "Na Shelefu," ikasema sauti.

"Yupo!" wakaitika wawili kutoka upande wa migomba.

"Na Hasarmawethi."

"Yupo!"

"Na Yera."

"Amekwenda kuni!" akapaza mzee mmoja, na kicheko kikawa kikubwa. Lakini kilipoisha, kuitika hakukuisha. Jina, pumzi, yupo. Jina, pumzi, yupo. Maharage yalikuwa yamesimama. Waliitika sasa bila mzaha, wazee kwanza, halafu hata wasichana waliozaliwa baada ya kurudi na ambao hawajawahi kuiona kambi, wakifuata tu mdundo.

Mchungaji Onesphore hakuwahi kuikimbia nchi. Yeye ni wa Gitega moja kwa moja. Alingoja hadi nilipozima, akauliza kwa dhati kabisa, "Bibi, mnawaitikia nani? Hamuwajui hawa."

"Mchungaji, wewe hukukaa kambini."

"Sikukaa."

"Basi nikwambie. Anakuja karani, anasoma majina kabla ya posho. Mwenye jina ameenda kuni, au anaumwa, au yuko mtoni. Jirani anaitika, yupo. Usipoitikiwa, unafutwa. Na ukishafutwa, hata ukirudi kwa miguu yako miwili ukasimama mbele yake, wewe si mtu."

"Naelewa. Lakini hawa walikufa zamani mno."

Bibi Anastazia alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jua linalala wapi.

"Kwa hiyo ulitaka waitike wenyewe?"

Mimi nilikulia kwenye foleni hizo hizo. Nimemwitikia shangazi yangu, nimeitikia watoto wa jirani, nimewahi kumwitikia mtu ambaye sikumpenda kabisa. Nikakaa miaka yote hiyo na majina yale, nikiwa na nadharia za silabi na ramani za wataalamu, na haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba walichokosa ni nafasi ya kuitikiwa. Wasomaji wetu hawakuwa wameiacha. Fundi cherehani aliiacha, na yeye mwenyewe hakujua ni ya nini. Alikuwa anavuta pumzi tu.

Tuliporudi, pale nilipomshusha Mchungaji, aliomba nimpe ile rekodi aende nayo nyumbani. Nikampa. Kamati ilikuwa ikutane, ikaahirisha, ikakutana, na mimi sikuambiwa kitu. Nikawa nasafisha meza yangu ofisini, kazi ambayo Divine anaijua kwa kuwa ndiye aliyeona ninavyotoa kitu droo ya kwanza na kukiweka droo ya pili. Shabani alinitumia ujumbe kila baada ya swala: Madamu, watu wananiuliza, natoka lini? Nikawa namjibu kwamba bado wanasikiliza, na kila nikiandika hivyo nilijiona mwongo.

Simu ilinikuta Yoba, mchana, nikitoka gengeni na fungu la lengalenga mkononi.

"Mama Konso, uko wapi?"

"Niko njiani, Mchungaji, nimebeba mboga."

"Ziweke chini."

Nikaziweka juu ya ukuta wa watu.

"Mmemruka mtu," akasema.

"Samahani?"

"Kwenye wana wa Yoktani. Ametajwa Uzali, kisha fundi anakwenda kwa Obali. Katikati yao yuko Dikla. Nimerudia, nimerudia, nikafikiri ni masikio yangu. Nikamwita mama watoto akasikiliza na yeye, nimeweka kidole kwenye maandishi. Hamna Dikla."

Mimi, niliyekaa na vipokea sauti masikioni, nikiwa na shahada ukutani na penseli mkononi! Niliona haya hadi kwenye vidole vya miguu. Na nyuma ya haya ile kikaanza kupanda kitu kingine, furaha ya kijinga kabisa. Mtu aliyekuwa anazima alikuwa ameweka kidole.

"Na kamati, Mchungaji? Imeamua nini?"

"Kamati? Kamati imekwisha kuamua, zinaingia zote, na msomaji anabaki huyo huyo. Unafikiri nakupigia kwa nini? Siwezi kuzisambaza zikiwa na pengo."

"Basi hilo ni dogo," nikasema, nikijaribu kurudisha sauti ya kazi. "Dikla yumo pia kwenye Mambo ya Nyakati. Divine atamkata pale, atambandika hapa. Hakuna atakayesikia tofauti."

"Hapana. Nenda Muyinga."

"Kwa jina moja? Mafuta hayapatikani, Mchungaji."

"Si unajuana na watu wa vitunguu? Nenda. Msalimie sana fundi, umwambie nimemsikiliza. Na huyu Dikla amsome kama alivyowasoma ndugu zake. Asimharakishe."